Abubakar kwa miguu, Usama juu ya kipando

UKIPITA misikiti ya Mbagala, Tandika, Tandale hadi Mwananyamala, utakuta jambo moja linajirudia. Sheikh mmoja ndiye Imamu, ndiye khatibu wa kila Ijumaa, ndiye mwalimu wa madrasa, na ufunguo wa stoo uko mfukoni mwake. Akiugua wiki mbili, maamuma wanatazamana nani apande mimbari. Tunamsifu kwa kujitolea, na kweli amejitolea. Lakini wanafunzi aliowasomesha miaka yote hiyo wako wapi?

Mtume (s.a.w.) hakuuacha Umma wake hivyo. Mwaka wa 11 Hijria, akiwa katika maradhi yake ya mwisho, alimkabidhi Usama bin Zayd (r.a.) uongozi wa jeshi la kwenda Sham. Usama alikuwa kijana wa miaka ipatayo 18, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, na chini yake waliwekwa wakubwa wa Muhajirina na Ansari. Watu wakanung'unika. Mtume (s.a.w.), mgonjwa vile alivyokuwa, akatoka, akapanda mimbari kumtetea.

Abubakar (r.a.) aliposhika ukhalifa, wapo waliomshauri amweke mtu mzima badala ya Usama. Akakataa. Siku ya safari akalisindikiza jeshi kwa miguu, Usama akiwa amepanda. Kijana akaona haya, akamtaka Khalifa naye apande, la sivyo yeye atashuka. Abubakar hakupanda, wala hakumwacha ashuke. Kisha, na hapa ndipo pa kuzingatia, alimhitaji Umar (r.a.) abaki naye Madina. Umar alikuwa askari wa Usama. Khalifa angeweza kutoa amri tu, yakaisha. Yeye alimwomba Usama ruhusa. Baada ya hapo, ni askari gani angemdharau kijana yule?

Hapa mjini kwetu pia mfano upo. Aprili 1953, ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, TAA ilichagua rais. Abdulwahid Sykes alikuwa mtoto wa Kleist, mmoja wa waasisi wa African Association ya mwaka 1929. Mtu wa mjini, mwenye jina. Urais akaupata mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere, aliyerejea kutoka masomoni Uingereza mwaka uliotangulia. Abdulwahid akawa makamu wake, na nyumba yake Kariakoo ikabaki wazi kwa mgeni huyo. Mwaka uliofuata ikazaliwa TANU.

Sisi mwenyekiti wa kamati akishindwa uchaguzi, haichelewi kusikika amehama na kundi lake, wanachangisha msikiti mwingine mtaa wa pili!

Masheikh wetu, kwa heshima zote, tunaomba Ijumaa moja kwa mwezi apewe mwanafunzi. Imamu akae safu ya kwanza asikilize. Kijana atatetemeka, pengine atakosea irabu, na wazee watalalamika kuwa khutba imepwaya. Imamu asimkatize. Amsahihishe baada ya swala, wakiwa wawili, na mwezi ujao ampandishe tena.