Kila Sauti na Treki Yake

Vijana wa Bugoye, walimu wa kwaya wa Kasese, nanyi wapiga gitaa wa Bwera, sikilizeni! Muziki wa sauti juu ya sauti haukuletwa kwetu na kompyuta. Wazee wa Kikonzo walipopuliza eluma, kila filimbi ilikuwa na noti yake moja tu, na mwenye filimbi alingoja zamu yake; wimbo ulizaliwa walipokutana. Endara nayo, vibao vimelazwa juu ya vigogo vya migomba, hupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Basi asiwatishe mtu kwamba kurekodi treki nyingi nyumbani ni siri ya wenye studio za Kampala. Siri hiyo mmezaliwa nayo.

Lakini mnaifanyia nini? Mnakwenda kujaziwa kwenye flashi programu ya FL Studio ya wizi, iliyovunjwa kufuli, pamoja na virusi vyake. Kwaya inayosimama mbele ya waumini kuimba habari za amri za Mungu inarekodije kwa programu ya kuibwa? Acheni! Acheni leo! Na hata toleo la majaribio linalotolewa na wenyewe halitawafaa: utahifadhi kazi yako, ukiifunga haifunguki tena mpaka ununue. Kuiba kwa nini, na za bure za halali zipo?

Anzeni na Audacity. Ni programu huria, ipo tangu mwaka 2000, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Ikishaingia kwenye laptopu haidai intaneti ili kurekodi, na kila sauti inapata treki yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi, kisha ngoma. BandLab na wenzake wa mtandaoni ni wazuri, ila bando likiisha kazi imesimama. Anayependa ala za ndani ya kompyuta achukue LMMS, nayo huria. Atengeneze mdundo humo, autoe kama WAV, auingize Audacity. Kazi ikikua ipo Reaper. Mnaruhusiwa kuijaribu siku 60 bila kufungiwa chochote, kisha leseni yake nafuu ni dola 60. Kwa mkulima mmoja wa kahawa ni fedha nyingi, lakini kwa kwaya nzima ni mchango wa msimu mmoja. Changeni!

Sasa jambo linalowavunja moyo wengi. Umerekodi gitaa, umevaa hedifoni, umeimba juu yake. Ukisikiliza, sauti yako imechelewa. Unajilaumu kwamba huna mdundo. Usijilaumu! Sauti hutumia muda kupita ndani ya mashine. Weka mlio wa kuhesabu, usogeze hedifoni karibu na maiki, urekodi mlio huohuo kwenye treki ya pili. Vuta picha ya mawimbi karibu, pima pengo kati ya mlio na mlio, kisha irekebishe Audacity kwenye mipangilio, penye fidia ya ucheleweshaji. Vaa hedifoni za waya, maana za Bluetooth huongeza kuchelewa. Dakika chache za kupima zitakuokolea wimbo mzima.

Na endara msiilazimishe kufuata kinanda cha kiwandani! Fundi aliichonga kwa sikio lake. Irekodini kwanza, kwaya itafute sauti yake humo, na vile vifaa vya kunyoosha sauti viacheni vimezimwa.

Mtaniuliza, mbona nashikilia kila sauti iwe na treki yake? Klaus Wachsmann, aliyesimamia Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alirekodi muziki wa nchi hii, na nakala za kazi yake zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere. Tumshukuru kwa dhati. Lakini katika rekodi za zama zile wapigaji wote waliingia pamoja. Huwezi kumtoa mmoja ukajifunza zamu yake. Ninyi mnaweza! Rekodini kundi zima la eluma wakiwa pamoja, iwe dira. Kisha kila mzee avae hedifoni, alisikie kundi, apulize noti yake peke yake. Mjukuu wake akitaka kujifunza atawazima wengine wote, amsikie babu.

Halafu tunzeni. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020, maji yaliingia hadi hospitali ya Kilembe. Flashi moja ndani ya nyumba moja si hifadhi. Wimbo wa dakika nne wenye treki nane za WAV za mono za kawaida ni takriban MB 170, kwa hiyo flashi ya GB 8 inabeba nyimbo zaidi ya arobaini. MP3 itumeni kwa WhatsApp, WAV zibaki nakala mbili katika nyumba mbili, moja huku mlimani, nyingine kwa ndugu aliye mbali na mto.

Kwa hiyo wiki hii, baada ya Sabato au ibada ya Jumapili, msitawanyike. Zimeni simu, tundikeni mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni. Waiteni besi kwanza, maana wengine wote watajipanga juu yao, na mzee wa eluma atumiwe bodaboda imlete kabla giza halijaingia.