Juu ya Mtu Azungukaye na Jamaa Yake Akichekesha Watoto



Mwaka uliopita, siku za kiangazi, alifika kijijini kwetu mgeni mmoja pamoja na mke wake na watoto wanne. Juu ya baiskeli alikuwa amefunga sanduku la mbao, ngoma ndogo na mikeka miwili. Hakuwa mchuuzi, wala hakutafuta shamba. Kazi yake ni kuchekesha watoto. Huenda kijiji hata kijiji, hupiga ngoma chini ya mwembe, na watoto wakikusanyika huwaonyesha vinyago vya mti vinavyogombana kama mume na mke. Kisha hutoa yai katika sikio la mtoto, na binti yake mkubwa hutembea kwa mikono, miguu juu. Mwishoni mke hupita na sahani.

Siku ile tulicheka sana. Hata mimi, mwalimu wenu, nilifuta machozi. Lakini sahani ilipotokea, kila mtu alikumbuka kazi yake: huyu kuni, yule mbuzi wake. Sahani ikarudi na faranga chache na mahindi mawili. Usiku hakuna aliyewapa nyumba, maana wengine walinong'ona ya kwamba atoaye yai katika sikio ni mchawi. Mimi nilikuwa na chumba kisicho na mtu, nikaogopa maneno ya watu, nikanyamaza. Wakalala kibarazani pa shule. Kulipokucha tulikuta majivu ya moto wao tu.

Tangu siku ile najiuliza kama tulimtendea mtu yule kwa haki, nami nataka tufikiri pamoja.

Tuanze na lile neno la uchawi, kwa sababu ndilo lililofunga milango yetu. Mchawi hujidai kuwa na nguvu juu ya uhai wa mwenzake, na huishi kwa hofu yetu. Mwenye kiinimacho hana nguvu nyingine ila wepesi wa vidole. Yai lilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo. Jicho letu ndilo lililochelewa. Ukimwomba kwa upole, pengine atakufundisha, nawe utalivunja yai hilo na kulikaanga kama mayai mengine.

Mwamjua Mtakatifu Yoane Bosco, ambaye wanawe Wasalesiani walifika hapa Katanga mwaka 1911. Alizaliwa mwaka 1815 huko Becchi, Italia, na baba yake akafa kabla hajatimiza miaka miwili. Alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi, siku za soko alikwenda kuwatazama watu wa namna hiihii, wenye viinimacho na wenye kucheza juu ya kamba. Aliwatazama kwa makini sana, akarudi nyumbani kujaribu, akaanguka mara nyingi, mpaka akaweza. Kisha alifunga kamba kati ya miti miwili, akawaita majirani, akawaongoza kusali rozari na kuwasimulia mahubiri ya Padri, halafu akatembea juu ya kamba na kuzidisha mayai mbele yao. Mama yake Margherita alijua yote, wala hakumkataza. Baadaye, alipokuwa mwanafunzi mjini Chieri, watu walianza kusema ana uchawi, na Kanoni mmoja, jina lake Burzio, akamwita amhoji. Kijana alimwomba kwa adabu amwambie ni saa ngapi. Kanoni akatia mkono mfukoni: saa haipo! Akatafuta mfuko wa fedha: nao haupo! Alipoelezwa jinsi ilivyofanyika, mzee yule alicheka. Basi, neno tulilomsingizia mgeni wetu lilimpata hata mtakatifu.

Lakini kuna habari nyingine ya Chieri inayonigusa zaidi. Alikuja huko mtu mmoja wa michezo, mwenye mbio na miruko, naye alikuwa akiwavuta vijana siku ya Dominika mpaka wakaacha kwenda kanisani. Bosco na rafiki zake wakapinga naye fedha. Walishindana mbio, wakashindana kuruka mfereji wa maji, wakashindana kusimamisha fimbo juu ya kidole na kidevu na pua, mwisho wakashindana kupanda mti mrefu. Mara zote nne mgeni alishindwa, na fedha zake zikaenda: faranga 20, kisha 40, kisha 80, kisha 100. Ndizo 240, yaani mali yake yote. Hapo vijana walimwona mtu mzima amesimama mbele yao hana kitu. Wakamrudishia fedha, wakimtaka awape chakula cha siku moja tu. Angalieni: mtu yule alikuwa ameshindwa kweli, tena alikuwa amewaondoa wenzao katika sala. Hata hivyo waliona ya kwamba kumwacha bila riziki ni jambo lingine kabisa.

Na mgeni wetu hakushindana na mtu. Hakumwondoa mtoto yeyote katika mafundisho. Alitupa kicheko, tukakipokea, tukakimbia sahani.

Wengine watasema: «Kulima ni kazi, kufua chuma ni kazi, kuchekesha watoto ni kazi gani?» Najibu: mwulizeni mama mwenye mtoto aliyeugua muda mrefu, siku mtoto huyo anapocheka tena. Mjini New York, tangu mwaka 1986, wachekeshaji wa sirkasi, yaani watu wa michezo ya hemani, walianza kuingia katika hospitali za watoto kwa kazi maalumu, wakishirikiana na waganga. Tena kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mkulima akiugua, mihogo yake hungoja ardhini. Mchekeshaji akiugua hakuna sahani siku hiyo. Mvua ikinyesha hakuna watu. Na hata mtoto wake akilala na homa, ni lazima asimame mbele ya watoto wa wengine na kuwachekesha.

Kuna jamaa moja ya Italia iliyojulikana sana Ulaya, jamaa ya Fratellini. Baba yao Gustave alizunguka nchi nyingi, nanyi mtaifahamu njia yake kwa kuzaliwa kwa wanawe: Louis alizaliwa Florence, Paul alizaliwa Catania mwaka 1877, François alizaliwa Paris mwaka 1879, na Albert alizaliwa Moscow mwaka 1886. Fikirini mama yao, kila uzazi katika mji mwingine na lugha nyingine. Wote wanne wakawa wachekeshaji. Louis alikufa mwaka 1909, akaacha jamaa. Ndipo ndugu watatu walipounganisha mchezo wao, ili wailishe na jamaa ya marehemu. Wakawa mashuhuri mjini Paris. Nani atasema ya kwamba watu hawa hawakuwa na nyumba, eti kwa sababu haikuwa na msingi wa mawe?

Hata hivyo sitaki kuwadanganya. Njia ina hasara yake, na anayeilipa mara nyingi ni mtoto. Asubuhi ile niliingia darasani, maana shule yetu haina mlango, nikaona kwenye ubao herufi A imeandikwa kwa chaki, mara kumi au zaidi, ya kwanza imepinda, ya mwisho imenyooka. Ni binti yule atembeaye kwa mikono. Jioni nilikuwa nimemwona amesimama mbele ya ubao. Mtoto wa njiani hujifunza mengi kwa baba yake, lakini asipojua kusoma, hataweza siku moja kuchagua kati ya njia na kijiji. Nilitaka kumlaumu baba. Kisha nikakumbuka chumba changu. Kama ningaliwapa kwa siku tano, binti angaliondoka anajua kuandika jina lake.

Dharau hii ni ya zamani. Mwaka 1673, huko Ufaransa, Molière, aliyezunguka na michezo yake miaka mingi, alinyimwa maziko ya Kikristu kwa sababu ya kazi yake, mpaka mfalme alipoingia kati. Naye akazikwa usiku. Mwaka 2016, Mwaka wa Huruma, Papa Fransisko aliwapokea Roma watu wa sirkasi na wa michezo ya njiani, pamoja na jamaa zao. Eklezya ilitumia miaka mingi kufika hapo; sisi tuna mwaka mmoja tu tangu majivu yale.

Wauza samaki wanasema walimwona ng'ambo ya mto, na baiskeli yake, na ngoma. Kiangazi kinakaribia. Nimeondoa magunia ya mihogo katika chumba kile, na mke wangu amekipaka udongo mpya.