Sweta ya Elfu Kumi na Tano

Jumamosi iliyopita gulioni Tengeru baridi ilikuwa ile yetu ya Julai, Meru wote umemezwa na mawingu. Mama mmoja alikuwa ametandaza sweta za watoto wachanga, kofia na soksi, zote kafuma kwa mkono. Kijana akaokota sweta ya njano, akauliza bei. Elfu kumi na tano.

"Punguza, mama. Mtumba pale ni elfu tatu. Kwani hii si kazi ya kukaa tu?"

"Uzi peke yake ni elfu nane, mwanangu," mama akajibu kwa upole. Kijana akairudisha, akaenda zake.

Kukaa tu! Limenikera wiki nzima. Toa bei ya uzi, inabaki elfu saba. Sweta kama ile ikimaliza siku tatu, ni elfu mbili na kidogo kwa siku. Saidia fundi gani wa ujenzi atashika koleo kwa fedha hiyo?

Anayefuma anahesabu. Kwenye kwapa anapunguza vitanzi sawasawa pande zote mbili, la sivyo bega moja litapanda. Kitanzi kikimponyoka safu ya tano akagundua yuko ya ishirini, anafumua zote kumi na tano, na huku anauza ndizi na kubembeleza mtoto.

Marehemu mama yangu alinunua sweta kubwa za mitumba zilizotoboka viwiko, akazifumua. Uzi aliuzungushia miguu ya stuli, akaufua, akautundika na kitu kizito chini mpaka mikunjo itoke, ndipo akaanza upya. Sisi tuligombania kumkunjia mabonge. Raha ya kuona mkono wa sweta ukirefuka jioni hadi jioni, ukijua ni wako, sijaipata dukani.

Utaniambia mfuko hauruhusu. Nakubali, na mitumba navaa. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia hapahapa Arusha kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya ushuru ya AGOA, Tanzania ikalegeza. Rwanda iliyoshikilia ikasimamishiwa nafuu ya nguo zake mwaka 2018. Lililowashinda wakuu wa nchi simtwishi kijana wa Tengeru. Lakini kukosa fedha hakumlazimishi mtu kudharau kazi. Angesema tu, "Ni nzuri mama, leo sina."

Mgeni akinunua mkufu wa shanga wa akina mama wa Kimaasai pale mjini, hatuoni ajabu alipie mkono ulioutunga. Mtoto wetu anayetetemeka Ngaramtoni tunamtafutia cha bure.

Likizo ya Juni ijayo tuwapeleke watoto, wa kike na wa kiume, kwa wafumaji wa mitaani kwetu. Wafundishwe kuanza vitanzi, kufuma na kufumua, na mwalimu alipwe kama tunavyolipia masomo ya ziada ya hisabati, bila kuombwa apunguze.