Rambirambi za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alifariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 29. Ugonjwa ulianzia kooni. Utotoni aliugua mafindofindo mara kwa mara, nasi tukimsukutulisha maji ya chumvi, basi. Baadaye viungo vikamvimba, wazee wakasema ni baridi yabisi. Hatukujua kwamba kinga ya mwili, ikipambana na vijidudu vya koo, yaweza kugeuka na kuziharibu vali za moyo. Daktari aliagiza sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, kwa miaka mingi. Dawa haikuwa ghali. Nauli ndiyo iliyotushinda, na mara nyingine, niseme kweli, ulikuwa uvivu wetu.

Baada ya mazishi fedha za rambirambi zilibaki. Nikapendekeza kwamba badala ya kupika siku ya arobaini, tuwalipie watoto wenye maradhi hayo nauli na sindano, kwa jina la marehemu. Pale Muhimbili ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015, na vali hupasuliwa hapa hapa nchini. Lakini upasuaji ni gharama kubwa, sindano ni kidogo.

Baba mkubwa akanikatiza: "Watu walitoa watufute machozi. Wewe unataka kujipatia sifa kwa fedha zao?"

Neno hilo lilinikaa. Mchango wa msiba una deni ndani yake, leo kwangu, kesho kwako. Aliyetoa hakumkusudia mtoto asiyemjua. Nina haki gani ya kuigeuza nia yake? Tena, nilikuwa nikimtolea marehemu, au nikijinunulia usingizi? Sisi Waislamu tunaamini sadaka yenye kuendelea humfikia maiti, lakini sindano alizozikosa hazirudi hata nikilipia elfu za wengine.

Kuhusu usingizi wangu, nimeacha kujihukumu. Mtoto achomwaye sindano haiulizi nia ya aliyelipa. Kuhusu fedha za watu, mzee alikuwa na haki. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa. Ndipo nikapitisha kapu jingine, nikieleza waziwazi litakwenda wapi.

Zilipatikana fedha chache mno, nauli ya watoto wawili kwa mwaka mmoja. Baba mkubwa alitia noti yake bila kunitazama.