Wenzetu na mawe yao

Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache, ila hayo machache huyachagua yakukae rohoni. Nilimtumia picha ya magofu ya ngome ya Dürnstein, kule Austria, yaliyosimama juu ya mto Danube, huku mashamba ya mizabibu yakishuka matuta kwa matuta mpaka karibu na maji. Hakuuliza baridi, hakuuliza safari. Akajibu: "Shem, wenzetu wanajua kutunza historia. Sisi Kilwa tumeiachia bahari."

Wiki nzima maneno hayo yananikereketa.

Picha ile ukiitazama vizuri, hakuna kilichotunzwa pale. Kuta zimebaki vipande, madirisha hayana chumba nyuma yake, mawe ya rangi ya moshi yamejazana majani. Mwaka 1645, Vita vya Miaka Thelathini vikielekea ukingoni, askari wa Sweden chini ya jenerali Torstensson waliuteka mji, na walipoondoka wakailipua ngome. Haikujengwa tena. Wenyewe waliona haina kazi, wakaiachia mvua na theluji. Kama kutelekeza ni dhambi, basi wenzetu waliitenda zamani, tena mchana kweupe.

Atasema: mbona watu wanapanda kile kilima kila siku, na kamera shingoni? Wanapanda kwa ajili ya mfalme. Richard wa Uingereza, yule wa Moyo wa Simba, alikuwa amegombana na Leopold, mtawala wa Austria, huko Akka, kwenye Vita vya Msalaba, mwaka 1191, bendera ya Leopold ilipong'olewa ukutani. Mwaka uliofuata Richard akipita kwa kujificha akirudi kwao, akakamatwa karibu na Vienna na kufungwa Dürnstein, kisha akakabidhiwa kwa mfalme mkuu wa Wajerumani, Heinrich wa 6. Hadithi inayopendwa zaidi ni ya mwimbaji Blondel, aliyezunguka ngome kwa ngome akiimba mpaka bwana wake akamwitikia kutoka gerezani. Ni ngano tu, lakini tamu, na watu hununua kadi zake.

Mimi kilichonishika ni bili. Kabla Richard hajaachiwa, Februari 1194, zilitakiwa marki 100,000, yaani zaidi ya tani 20 za madini ya fedha. Uingereza ilitozwa robo ya mapato na ya mali inayohamishika. Makanisa yalitoa vyombo vyao vya ibada. Watawa wa Kisitoo (Cistercian), ambao hawakuwa na dhahabu bali kondoo, walitoa sufu ya mwaka mzima. Sisi tunaonung'unika tukitumiwa kadi ya mchango wa harusi tujaribu kufikiria kadi hiyo: bwana harusi ni mfalme ambaye katika miaka kumi ya utawala wake alikaa Uingereza kama miezi sita tu, na kamati haikubali ahadi. Fungu la Leopold likaenda kujenga kuta za Vienna na mji mpya wa Wiener Neustadt. Wale wafuga kondoo, pale juu kilimani sikusikia mtu akiwataja.

Nikashuka kwa njia ya mashambani, na huko ndiko nilikoona utunzaji.

Matuta yale yanashikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa makavu, bila saruji hata kijiko. Yalianzishwa na nyumba za watawa katika Zama za Kati, na mizabibu bado iko juu yake. Mteremko ni mkali, trekta halipandi. Kupogoa ni mkono, kuvuna ni mkono. Mahali pamoja ukuta ulikuwa umebomoka, na mzee mmoja, glavu zimemtoboka vidoleni, alikuwa akiuziba. Ananyanyua jiwe, analigeuza, analijaribu kwenye pengo. Halikai. Analiweka kando taratibu, anachukua jingine. Nyuma ya mawe makubwa anashindilia madogo, ili maji ya mvua yapite yasije yakausukuma ukuta mzima. Nilisimama pale muda mrefu kuliko niliosimama gerezani kwa mfalme.

Mawe hayo hula jua mchana na kuzirudishia zabibu joto usiku. Wenyeji wanaona ni jambo kubwa kiasi cha kuupa mvinyo wao wa daraja la juu jina la mjusi wa kijani anayeota jua kwenye kuta hizo. (Mimi si mnywaji; mjusi nilimtafuta, sikumwona.) Na mwaka 2000, UNESCO ilipoliweka bonde hilo la Wachau kwenye orodha ya urithi wa dunia, iliorodhesha bonde zima, na matuta ni sehemu kubwa ya sababu.

Ngome na kuta za shamba, mawe ni ya kilima kilekile. Tofauti ni kwamba kuta za shamba zikianguka kuna mtu atakosa hela msimu ujao.

"Hapo umenipa mimi haki," atasema shemeji, "wao wana mvinyo, sisi tupande zabibu Kilwa?" Hapana, zabibu waachie Dodoma, huko wanavuna mara mbili kwa mwaka na hawana haja ya kilima. Ila kuhusu Kilwa amesema uongo bila kujua. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakatangazwa kuwa hatarini mwaka 2004, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha ya hatari baada ya kazi ya kukarabati kuta na kuizuia bahari isiendelee kuula ufuko. Kuna watu waliobeba mawe na kuchanganya chokaa mpaka hilo likawezekana. Kuwaambia hao kwamba tumeiachia bahari ni kuwatukana.

Ninachokiogopa ni kwamba kazi ya aina hiyo kwetu huja na mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mzee wa Dürnstein hana tarehe ya mwisho. Mwakani mvua itabomoa kwingine, naye, au kijana aliyemfundisha, atarudi na nyundo yake. Sisi tunapata fedha, tunaweka kibao chenye nembo za wafadhili, tunapiga picha, kisha fundi anarudi kuvua samaki kwa sababu hakuna wa kumlipa. Hatuna upungufu wa heshima kwa mababu. Tuna upungufu wa mshahara wa fundi.

Ningepewa bajeti ya Kilwa ya mwaka mmoja, nisingeanza na kibao wala na kituo cha wageni. Ningeanza na tanuri la chokaa, na mafundi wanne wa palepale kisiwani kwa ajira ya kudumu, kila mmoja na mwanafunzi wake.