Nani Alikosa?

Somo: Yohana 9:1–7



Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, hawakuuliza atasaidiwaje. Waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili, akatengeneza tope kwa mikono yake, akamponya.

Swali lile bado linaulizwa kwetu, Bariadi hadi Meatu, anapozaliwa mtoto mwenye mdomo wazi. Mama hajamaliza siku za uzazi, minong'ono imeshafika kisimani: karogwa, kavunja mwiko, ukoo wao una laana.

Uso wa mtoto huanza kufanyika mama akiwa pengine hajajua kama ni mjamzito. Kati ya wiki ya 4 na ya 8, sehemu za uso hukua kutoka pande mbili na kuungana katikati. Seli za misuli ya kutabasamu na kufumba macho huanzia karibu na shingo, zikasafiri hadi usoni. Jeni ndizo zinazoongoza safari hiyo. Mpangilio ukivurugika, mdomo hauungani, na msuli unaouzunguka hubaki umeachana.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa nyuso za watoto zaidi ya 3,000 wa Mwanza, alioshiriki Dkt. Mange Manyama, wakati huo wa chuo cha Bugando. Ulibaini jeni mbili zinazohusiana na ukubwa na umbo la uso, kila moja kwa mchango mdogo tu. Jeni nyingi hushirikiana kuujenga uso mmoja, na mama hakuchagua hata moja. Tunamnyooshea kidole kwa lipi?

Hapa Usukumani tunajua gharama ya kusoma uovu usoni. Bibi zetu wameuawa kama wachawi kwa kuwa na macho mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni.

Ndugu, msimfiche mtoto ndani. Akishindwa kunyonya, mama akamue maziwa, amketishe wima, ampe kidogokidogo kwa kikombe au kijiko. Mpelekeni hospitali ya wilaya, muombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mdomo unaweza kushonwa akiwa na miezi 3 hivi, na daktari huunganisha msuli ule ulioachana.

Wiki hii, kila jumuiya iulize kama kuna mtoto wa namna hiyo katika eneo lake. Akiwepo, tumchangie mama yake nauli ya Mwanza, na minong'ono ikome.