Macho Mekundu

Nilipokuwa mtoto huko Bariadi, kaya haikuwa nyumba moja. Ilikuwa nyumba kadhaa ndani ya ua wa minyaa, pamoja na zizi la ng'ombe. Jioni wazee na wavulana walikaa shikome, penye moto wa pamoja, nasi wadogo tulilala kwa bibi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hatukujiuliza kwa nini, maana tulipuliza naye moto wa mabua ya pamba na samadi kavu, na yetu pia yaliwasha.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilizihamisha kaya nyingi. Lakini nisiisingizie Serikali kwa tuliyoyafanya wenyewe. Baba alipofariki tuligawana ng'ombe, kila mmoja akashika njia yake, mimi nikaenda mjini. Mwaka 1994 nilimjengea mama nyumba ya bati, vyumba viwili, peke yake kando ya shamba. Nikajiona mwana mwema.

Likizo iliyofuata, mtoto wa jirani alimwona mama akatimua mbio.

Msomaji wa mbali huenda asielewe kwa nini niliogopa. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga (Bariadi ilikuwa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012) vikongwe wengi wameuawa, na macho mekundu yakitajwa kuwa alama ya uchawi. Serikali ilipojaribu kukomesha mauaji hayo miaka ya 1970, watuhumiwa waliteswa na baadhi wakafa mikononi mwa dola; mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akawajibika kwa kujiuzulu. Polisi huja baada ya panga. Mjukuu anayelala chumba kimoja na bibi yupo kabla, naye huwaambia wenzake kisimani kwamba macho yale ni ya moshi tu.

Basi nikampeleka binti yangu wa miaka kumi akakae naye. Kwetu ni desturi, hakuna aliyeshangaa. Mke wangu nilimwambia mtoto atamsaidia mama kuchota maji. Sikumwambia kwamba naweka ngao. Je, ni haki kumfanya mtoto ngao ya mzee? Swali hili limeninyima usingizi mara nyingi. Najibu kwamba katika kaya ya zamani sote tulikuwa ngao za wenzetu bila kuambiwa, ila huko hakuna aliyepelekwa. Baba mwenyewe alikuwepo. Mimi nilimtuma mtoto mahali nilipopaswa kuwa. (Wanaosifu kuishi pamoja husahau ugomvi wa wakamwana na vyungu. Sikuusahau, ndio ulionikimbiza.)

Desemba binti alirudi akisema Kisukuma kuliko mimi, na mfuko wa michembe begani. Alikuwa akifikicha macho. Mama, aliyemsindikiza, akacheka: "Mwanangu, sasa tuko wachawi wawili."

Mke wangu hakucheka. Aliniangalia, akasubiri nieleze.